Motari Aliyekuwa Akirudi Kutazama Barabara

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti. Nilikuwa nimejiandaa kupewa sindano, au walau kipimajoto, maana nilikuwa na cheti kipya cha uuguzi na gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Badala yake Metroni, yaani muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake katika hospitali ya magonjwa ya akili, alivuta kiti cha mbao, akakiweka kando ya kitanda cha mwanamke mmoja, akaniambia, "Kaa hapa utazame. Jioni utaniambia umeona nini."

Mwanamke yule alikuwa akikunja kitenge. Alilinganisha ncha kwa ncha, akakilaza magotini, akakipapasa, kisha akakikunjua na kuanza upya. Chai yake ilipoa. Chakula cha mchana kilikauka kwenye sahani. Wenzake walitoka kuota jua, yeye akabaki na kitenge chake.

"Umeona nini, Mwamini?" Metroni aliniuliza jioni.

"Nimeona mama anayependa vitu vyake vinyooke."

"Anapenda?" Metroni hakuwa mtu wa maneno mengi, na swali lake moja lilitosha kukuondoa usingizi. "Mtu anayependa unadhifu, akishapanga vitu vyake hupumzika. Huyu umemwona akipumzika?"

"Hapana, Metroni."

"Basi kesho usitazame kitenge. Tazama uso."

Kesho yake nilitazama uso. Niliona jasho juu ya mdomo na macho ya mtu anayekimbizwa. Nilipomuuliza taratibu, aliniambia kwa kunong'ona kwamba ncha zile zisipokutana sawasawa, mama yake mzazi atakufa. Kisha akasema jambo ambalo nimelisikia tena kwa wagonjwa wengi katika miaka yote iliyofuata: "Najua ni upuuzi, dada. Lakini je, kama ni kweli?"

Ninawaelezea haya vijana wanaosomea uuguzi, kwa sababu wengi wao hudhani ugonjwa huu ni tabia ya kupenda usafi kupita kiasi. Sivyo. Una sehemu mbili. Ya kwanza ni wazo linaloingia bila kupiga hodi, baya, la kutisha, ambalo mwenyewe halitaki. Ya pili ni tendo ambalo mtu hulazimika kulifanya ili wazo lile litulie: kunawa, kukagua, kupanga, kuuliza, kurudia dua. Tendo humpa nafuu kidogo, kisha wazo hurudi likiwa na njaa zaidi. Madaktari wetu waliosoma kwa Kifaransa waliuita kwa herufi tatu, TOC. Mimi kwa Kiswahili nimezoea kuuita ugonjwa wa mawazo ya kulazimisha.

Kiswahili changu, niseme mapema, ni cha Tabora. Nilizaliwa huko kwa wazazi waliotoka Rwanda, na tuliporudi nilikuwa mwanamke mzima. Ndugu zetu wa Gisenyi, Waislamu wauza vitambaa na washonaji, walinipokea vizuri, ila mpaka leo wananicheka. Wanasema nazungumza kama redio.

Baada ya wodi ile nilipangiwa kituo cha afya cha Kanzenze, juu huko kwenye mashamba ya viazi. Mkuu wa kituo tulimwita Titileri, kama wanavyoitwa wakuu wa vituo vya afya kote nchini. Alikuwa mtu mrefu mwenye viatu vya mpira, na kila alipotoka kliniki alipitia shambani kwa mtu kumsalimia. Miaka ile kazi yetu ilikuwa majeraha ya moyo yaliyoachwa na vita na mauaji. Watu walikuja na maumivu ya kichwa, tumbo, mgongo, na ukikaa nao ukawasikiliza, ulijua si mgongo. Kwa hiyo kila aliyekuja na hofu tulimweka kwenye kapu hilohilo. Mtu aliyenawa mikono mpaka ngozi ikapasuka, tulisema ni vita. Aliyeshindwa kumaliza udhu kwa kudhani hajatia nia sawasawa, tulisema ni vita. Baadhi walikuwa hivyo kweli. Wengine walikuwa na ugonjwa wao mwingine kabisa, na haukuwa na jina.

"Ugonjwa usio na jina kijijini," Titileri aliniambia siku moja tukishuka mlima, "hupewa jina la jirani." Alimaanisha kwamba watu wakikosa jina la ugonjwa hutafuta aliyeroga. Alinifundisha kuwapa watu jina kwanza, hata kabla ya dawa. Nimeliona jina likimshusha mtu mabega.

Kanzenze nilikaa miaka mingi na nilipapenda. Baadaye nilihamishiwa hospitali ya wilaya mjini Gisenyi, kando ya ziwa, kwenye kitengo cha afya ya akili, jengo dogo la nyuma karibu na mahali pa kuanikia mashuka. Bosi wangu huko alikuwa Daktari wa magonjwa ya akili, kijana kwangu kwa umri, mpole, mwenye mazoea ya kuchora kwenye karatasi kila alichotaka kueleza. Ndiye aliyenifundisha matibabu yenyewe, yale ambayo Metroni hakuwa nayo wakati wake. Na ndiye niliyekuwa naye asubuhi ile afande mmoja wa polisi alipoingia na motari.

Kwetu motari ni mwendesha pikipiki ya abiria. Huyu alikuwa bado amevaa jile yake, kile kizibao cha kazi, kofia ngumu mbili zikining'inia mkononi, ya kwake na ya abiria. Alikuwa amejaa kifua, wa makamo, na alikuwa akilia bila sauti.

"Mama," afande aliniambia, "huyu amekuja mwenyewe kituoni jana. Amesema ameua mtu kwenye barabara ya Rugerero. Tumekwenda, tumeuliza nyumba kwa nyumba, tumeuliza hospitali zote. Hakuna mtu aliyekufa, hakuna aliyeumia. Tumemwambia aende nyumbani. Leo asubuhi karudi, anataka tumfunge."

Motari aliinua kichwa. "Muganga, mi nimeua mutu."

"Unaitwa nani, ndugu yangu?"

"Idirisa."

"Idirisa, huyo mtu ulimwona?"

"Apana. Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Pikipiki iliruka kidogo. Njo nikasema, ile ni mutu."

Tulimkalisha. Daktari alimpa maji na karatasi yake ikaanza kujaa michoro. Habari ilitoka polepole. Mwaka mmoja hivi kabla ya hapo, Idirisa alikuwa akirudi mjini kutoka Rugerero na tairi likapita juu ya kitu. Aligeuza kutazama, akakuta jiwe. Ingeishia hapo kwa mtu mwingine. Yeye, siku iliyofuata, alipopita palepale alijiuliza kama jana alitazama vizuri. Akashuka, akatazama mfereji wa maji, akatazama migomba. Baada ya hapo kila shimo barabarani likawa mtu. Abiria walianza kumkimbia, maana ulikuwa ukipanda pikipiki yake kwenda sokoni unajikuta unarudishwa ulikotoka. Alikwepa barabara za shule saa za watoto kutoka. Alisikiliza redio akisubiri habari ya ajali. Na jioni, akifika nyumbani, alimwita mke wake aje kutazama tairi kama lina damu.

"Na mke wako akikwambia halina damu?"

"Moyo inapoa. Kidogo tu. Kisha najiuliza, labda hakuona muzuri. Namuita tena."

Daktari alimgeukia afande, akamshukuru, akamweleza kwa lugha rahisi kwamba mtu huyu si muuaji wala si mwongo. Nilipenda jinsi afande alivyovua kofia yake kumsikiliza. Kisha Daktari akamwambia Idirisa jina la ugonjwa wake, akamwambia kwamba watu wengi wanao, Rwanda na Kongo na kila mahali, na kwamba huwashika zaidi watu wanaoogopa sana kudhuru wengine. "Wauaji hawaji kwetu kuuliza kama wameua," alisema.

Idirisa alifuta machozi. "Ile maladi iko na dawa?"

"Ipo. Na kuna kazi. Kazi utaifanya na Mama Mwamini."

Ilibidi nimwone mke kwanza. Aliitwa Zawadi, mwenyeji wa Goma, upande wa Kongo, kwa kuzaliwa, na kila asubuhi alivuka mpaka na beseni la karoti na vitunguu kichwani, akauza upande wa pili, akarudi. Alikuja kliniki akiwa amechoka na amekasirika, na sikumlaumu. Tulikaa nje kwenye benchi, mashuka yakipepea mbele yetu.

"Muganga, mi nimechoka," alisema kabla sijafungua mdomo. "Kila magaribi naangalia tairi. Nasema hapana damu. Ananiambia apa. Naapa. Ananiambia apa kwa watoto. Batoto nao wamejua sasa, banamuuliza, papa, leo umeua nani? Mama yangu anasema wamemuroga, nimulete Goma kwa chumba ya maombi. Na mimi nasema, bon, nichukue batoto wangu niende, yeye abaki na tairi yake."

"Umeshaamua?"

"Nimefunga sanduku. Bado kuondoka."

Nilimweleza ugonjwa kama Daktari alivyonieleza mimi. Nilimwambia kwamba hajafanya kosa lolote, kwamba mke yeyote angemtuliza mumewe. Lakini ugonjwa huu hula majibu. Kila akiapa, anaulisha. Kama tungetaka ukonde, ilibidi jibu liondoke mezani.

"Donc nimuache alie?"

"Umwache na swali lake. Akikuuliza kama kuna damu, sema, sijui. Basi. Umpe chakula, mzungumze mambo ya watoto, ila tairi usilitazame."

Zawadi alicheka, si kwa furaha. "Ayi we! Niseme sijui na ninajua?"

"Unajua nini? Wewe ulikuwa Rugerero?"

"Hapana."

"Basi hujui. Wala mimi sijui. Hata yeye hajui. Hakuna mtu anayejua hakika ya kila alichopita. Sisi wengine tunaishi hivyo na tunalala. Yeye anatakiwa ajifunze kuishi hivyo."

Aliniomba muda wa kufikiri, akaondoka na beseni lake. Sanduku, nilijua baadaye, alilirudisha juu ya kabati bila kulifungua. Lilikaa hapo likisubiri.

Dawa tulikuwa tumeanza siku ileile Idirisa alipoletwa na afande. Ni vidonge vya kundi ambalo hutumika pia kwa huzuni kubwa. Husaidia kemikali moja ya ubongo iitwayo serotonini. Nilimwonya Idirisa, kama nilivyowaonya wote, kwamba si dawa ya kichwa inayomezwa na kufanya kazi kabla chai haijapoa. Huchukua wiki nyingi, tumbo linaweza kuchafuka mwanzoni, na kwa ugonjwa huu dozi mara nyingi hupanda juu kuliko ya huzuni. Hailevyi wala haimfanyi mtu mtumwa. Lakini usiiache ghafla kwa kuwa umepata nafuu. Upunguze na daktari wako. Idirisa alimeza kwa uaminifu. Daktari alimwambia asibebe abiria kwa muda, na mwenyekiti wa koperative, yaani ushirika wa motari, baada ya kuzungumza nasi kwa ruhusa ya Idirisa, akakubali kumwekea nafasi yake.

Kisha tukaanza kazi. Matibabu haya kwa Kiswahili nayaita kukabili bila kujibu. Mgonjwa anaikaribia hofu yake kwa hiari, ngazi kwa ngazi, na anapofika hapo hafanyi lile tendo la kujituliza. Anakaa na hofu mpaka ishuke yenyewe, au mpaka aone kwamba anaweza kuishi nayo hata isiposhuka. Daktari alipokuwa akinifundisha alichora mlima, akasema, "Mgonjwa anadhani hofu itapanda milele. Hajawahi kuisubiri hata siku moja ili aone."

Ngazi ya kwanza ilikuwa maneno. Idirisa alikaa kwenye kiti na kusema, "Labda nimegonga mutu, na sitajua." Alisema akatapika. Siku nyingine alisema akakaa. Ngazi iliyofuata tulilaza gunia la majani uani kwa hospitali, akapita juu yake na pikipiki, asigeuke kutazama. Wafanyakazi wa jikoni walitoka kushangaa, mpishi mmoja akauliza kama hospitali sasa inafundisha kuendesha. Idirisa alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona meno.

Ngazi ya juu ilikuwa barabara ya Rugerero, na abiria wake nilikuwa mimi.

Sikuwa msichana. Nilifunga ushungi vizuri, nikavaa ile kofia ngumu juu yake, nikapanda na kushika chuma cha nyuma kwa mikono yote. Tulikuwa tumeweka masharti. Atatazama vioo kama sheria ya barabara inavyotaka, kwa ajili ya magari, si kwa ajili ya kutafuta maiti. Hatarudi nyuma. Hataniuliza. Na mimi, hata akiniuliza, sitajibu.

Tulitoka mjini vizuri. Watu walikuwa wakirudi kutoka sokoni, baiskeli zimebeba mikungu ya ndizi, watoto wa shule wamejaa kando. Niliona akipunguza mwendo. Tulipokaribia palepale penye jiwe lake la kwanza, tairi liliingia kwenye shimo, na mimi mwenyewe nikaruka kitini nikasema "Bismillah!" kwa sauti.

Alisimamisha pikipiki pembeni.

"Muganga. Neno moja tu. Uniambie tu neno moja."

"Sijui, Idirisa."

"We ulikuwa nyuma! Uliona!"

"Sikutazama. Labda ni shimo. Labda ni mtu. Sijui."

Alinitazama kama mtu aliyemshika mwenzake mkono mtoni na mwenzake akamwachia. Nilijua akiondoka hapo na kurudi kutazama, tungekuwa tumeanza upya. Na nilijua pia kwamba mke wake bado analala na sanduku juu ya kabati. Midomo yangu ilitaka kusema, ni shimo, baba, ni shimo tu. Ni neno dogo, na ningelisema kwa huruma. Nikalimeza.

"Hofu iko wapi sasa?" nilimuuliza.

"Hapa." Aligusa koo.

"Tuisubiri."

Tulisubiri pale kando ya barabara. Mama mmoja akatuuliza kama pikipiki imeharibika. Nikamwambia hapana, tunapumzika. Idirisa alisema hofu imeshuka kifuani. Tukasubiri tena. Wingu likaja juu ya ziwa, likaanza kunyunyiza, na tukabaki tu palepale, muuguzi na motari, tukilowa. Hatimaye aliweka mguu kwenye gea.

"Iko bado?"

"Iko. Lakini inakuwa ndogo." Akawasha. "Twende, Muganga. Unalowa."

Tukaenda mpaka Rugerero na tukarudi. Hakugeuka.

Ningependa kusema ilikuwa hivyo mpaka mwisho, lakini kazi hii haiendi hivyo. Alikuwa amesharuhusiwa kubeba abiria, na mambo yake yalikuwa mazuri, ndipo motari mwingine wa mjini alipomgonga mzee mmoja kweli, na habari ikazunguka kila kona. Mzee alipona, lakini Idirisa aliangusha kila kitu. Alilaza pikipiki ndani, akarudia kusikiliza redio. Zawadi alikuja kliniki siku iliyofuata, na safari hii hakuwa na beseni.

"Jana ameniita kwa tairi," alisema. "Analia kama mutoto. Ananiambia, Mama Swalehe, mara ya mwisho, nitazamie tu mara ya mwisho."

"Ukafanya nini?"

"Nilisimama kwa mulango. Moyo inaniuma, Muganga. Nikamwambia, Baba Swalehe, mi sijui. Sijui na sitaangalia. Na sitaenda Goma. Niko hapa, lakini tairi yako, hapana." Alifuta macho na ncha ya kitenge. "Alikasirika sana. Akatoka nje. Nikasema, sasa nimevunja nyumba yangu na mikono yangu. Kisha akarudi ndani, akakaa. Tukakaa tu. Batoto wakalala. Akaniambia, imepita."

Nimefanya kazi na wataalamu wengi, lakini kati ya wote walionisaidia kumtibu mgonjwa sijaona aliyefanya jambo gumu kuliko lile. Nilimwambia hivyo. Zawadi alisema basi nimwandikie mshahara.

Baada ya wiki mbili au tatu Idirisa alirudi barabarani. Niliendelea kumwona kliniki, kila mwezi, kisha kwa nafasi zaidi. Siku moja aliingia bila miadi, kofia zote mbili mkononi, na uso umejaa habari. Nilishtuka. Nikadhani tumerudi tena kituoni kwa afande.

"Muganga! Leo nimegonga kweli!"

"Umegonga nini?"

"Kuku!" Alikuwa akicheka mpaka anashika mlango. "Kuku ya mama mmoja pale Rugerero. Ilikimbia mbele yangu, paf! Nikasimama. Nikashuka. Nikamwambia mama, pole, ni mimi. Akanitukana muzuri sana. Tukaelewana, nikaenda na njia yangu."

"Na hukurudi kutazama?"

"Kurudi kutazama nini? Nilijua! Muganga, unajua nimeona nini? Kitu ya kweli haiulize. Kuku haikuniuliza labda. Iligongwa tu, na mi nilijua. Ile ingine, ile ya kichwa, inauliza tu, inauliza tu, labda, labda. Sasa nazijua mbili."

Daktari alisikia kicheko chetu, akaja kutazama. Tulipomweleza aliomba ruhusa ya Idirisa kulitumia neno lile kwa wagonjwa wengine. Idirisa alikubali kwa sharti kwamba lisemwe ni la motari.

Nilistaafu nikiwa kitengo hichohicho. Wenzangu walinifanyia chai na maandazi, Daktari akatoa hotuba fupi na, bila shaka, akachora kitu. Sasa nakaa na dada yangu mjini, karibu na msikiti. Asubuhi tunatembea ufukweni wakati ziwa bado halijaamka, wavuvi wa sambaza, vile vidagaa vya ziwani, wakirudi wakiimba, na siku za anga safi tunaona moshi wa volkano upande wa Kongo. Wauguzi vijana hunipigia simu. Juzi mmoja alinieleza kuhusu mama aliyejifungua karibuni, ambaye ametoa visu vyote nyumbani na kukataa kumshika mwanawe, kwa kuwa picha ya kumchoma humjia kichwani. Muuguzi alikuwa na hofu, akitaka kumtenga na mtoto mara moja.

"Anazitaka hizo picha?" nilimuuliza.

"Hapana, Mama. Analia. Anasema afadhali afe yeye."

"Anasikia sauti zinazomwamuru? Analala? Anaongea sawasawa?"

"Sauti hakuna. Analala kidogo. Anaongea vizuri."

Nilimwambia mtoto asitengwe kwa haraka, na mama yule amwone Daktari leo, si kesho, kwa sababu kuna ugonjwa mwingine baada ya kujifungua ambao ni wa hatari kweli, na ni lazima mtaalamu autofautishe. Lakini nikamwambia pia amshike yule mama mkono, amtajie jina la ugonjwa tunaoudhania, na asimtazame kama muuaji. Simu ilipokatika nilibaki na uchungu kidogo wa kutokuwepo pale. Kwa kweli ndicho ninachokikosa. Sizikosi zamu wala ripoti. Nakosa ile dakika mtu anapogundua kwamba hofu yake inajulikana.

Kwa vijana wa kazi hii sina mengi. Wengi wa wagonjwa hawa hupata nafuu kubwa, baadhi hupona kabisa, na wengine hubaki na mawazo yao maisha yote lakini huyaachia nafasi ndogo tu. Idirisa yumo kwenye hili kundi la mwisho, na ananiambia mwenyewe. Msiwaahidi zaidi ya hapo. Hilo linatosha, nimeliona likitosha.

Idi iliyopita Zawadi alitualika mimi na dada yangu. Nyumba ilijaa ndugu kutoka pande zote mbili za mpaka, mama yake wa Goma akiwa mkekani na wajukuu, na harufu ya pilau ilikuwa imefika mpaka barabarani. Idirisa alichelewa, siku kama ile abiria ni wengi. Tulisikia pikipiki ikiingia uani, ikizimwa. Aliingia amelowa mvua, akatusalimia wote mmoja mmoja, na swali lake lilikuwa moja tu, kama tumemwachia nyama. Zawadi alimsukumia sahani. Alinawa mikono, akakaa kati ya wanawe, akala.